Siku Tatu za Msiba

Kuanzia Oktoba baridi inapoanza kuuma mpaka Machi, Lusekelo alikuwa hapatikani kwenye simu Jumamosi asubuhi. Watanzania wa Bowie, Maryland, walishasema mengi kuhusu jambo hilo. Wengine walidhani ana kazi ya tatu. Wengine, wale wenye midomo, walidhani ana mwanamke Rockville. Mkewe Violet akisikia hayo alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu ukweli aliujua, na ukweli wenyewe ulikuwa kituko kuliko huyo mwanamke. Mumewe alikwenda kukimbiza mbwa.

Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, mzee wa kanisa, fundi wa mitambo ya kupasha joto kwenye majumba ya kupanga ya Langley Park, mwenye mvi zilizoanza pembeni mwa masikio! Anawafunga mbwa sita mikanda ya kifuani, wawili wawili, anasimama nyuma yao kwenye kigari, na anarudi nyumbani na matope mpaka kwenye nyusi akiwa na furaha ya mtoto wa darasa la kwanza. Kwao Kyela mbwa analinda nyumba na kula makombo, basi. Lusekelo alijua siku watu wakigundua atapewa jina, na jina hilo litamfuata mpaka kaburini. Alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa. Naandika hilo mapema kwa sababu ndilo lililomponza.

Mambo yalianza mwaka 2004. Alikuwa amepotea njia mashariki ya Bowie, kule nyumba zinakokwisha na mashamba kuanza, akasimamisha gari atazame ramani. Akasikia mtu anapiga kelele msituni.

"Kulia! Kulia, Malkia! Twende!"

Akadhani homa imempanda. Mara miti ikatoa mbwa sita wanaovuta kigari cha magurudumu matatu, na juu ya kigari mzee mweusi mwenye ndevu nyeupe na koti la jeshi. Mzee akakanyaga breki, akamtazama.

"Hujambo, bwana? Je, umepotea?" akauliza, kila neno limenyooshwa kama limepigwa pasi.

Huyo ndiye Akinyele. Alikuwa mzaliwa wa Baltimore. Jeshi lilimpeleka Alaska akiwa kijana, akajifunza huko kuendesha mbwa wa kuvuta sleji juu ya theluji. Miaka ya sabini alisoma Kiswahili madarasa ya jioni, kama wengi wa rika lake waliotaka lugha ya Afrika ya kwao wenyewe, na kwa kuwa hakuwa na wa kuzungumza naye, akawa anazungumza na mbwa. Alipenda kusema kwamba mbwa ni wanafunzi wazuri, hawamkosoi mwalimu. Theluji ya Maryland haitoshi kitu, hivyo alifanyia mazoezi kwenye njia za msituni kwa kigari, na mara moja kwa mwaka aliwapeleka kaskazini kwenye theluji ya kweli.

Siku ile Akinyele alimpandisha Lusekelo kwenye kigari, akamwambia ajaribu. Lusekelo akashika usukani na kusema "twende" kwa sauti ya kawaida tu, na wale wanyama sita wakaondoka kwa pamoja. Akakumbuka plau la kwao. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka sita, akalelewa na baba yake mdogo, Ambakisye, aliyelima mpunga kwa maksai wanne. Baba mdogo hakuwa na fimbo. Aliwaita maksai kwa majina, akawaambia kata, nyooka, pumzika, nao wakafanya. Lusekelo alisimama nyuma ya plau lile tangu mabega yake yakiwa chini ya mikono ya plau. Miaka ishirini ya Marekani, ya mabomba na boila na bili, hakuwahi kusema neno moja mnyama akamwelewa.

Hakuacha tena. Alijifunza kukagua nyayo za mbwa, kidole kwa kidole. Alijifunza kupika uji wao wa nyama na mafuta. Alilea watoto wawili wa Malkia tangu macho hayajafunguka, Radi na Kahawa, akawavalisha mikanda midogo na kuwafundisha kuvuta gogo, kisha tairi. Kahawa alikuwa na tabia ya kutafuna kila kilichofungwa, na Lusekelo akimgombeza hulala chali na kumtazama mpaka hasira ziishe. Malkia mwenyewe, jicho moja la bluu na moja la kahawia, ndiye aliyetangulia mbele ya wote. Ukimwambia kulia na yeye akaona kulia kuna hatari, anasimama na kugeuza shingo, kama anayekuuliza kama umelala.

Ilipofika Februari 2008, nyonga ya Akinyele ilikuwa imekwisha. Malkia alikuwa na miaka tisa, na mbwa wa mbele haendi zaidi ya hapo. Mzee akamwambia Lusekelo Jumamosi moja, wakiwa wanabadilisha nyasi kavu za vibandani:

"Mbio za mwaka huu utaendesha wewe. Mimi nitasimama pembeni na bakora yangu. Ni mara ya mwisho ya Malkia."

Mbio zenyewe zilikuwa kwenye milima ya kaskazini ya Pennsylvania, Jumamosi na Jumapili, mbwa sita kwa kila mshindani, maili nane kila siku. Walitakiwa kuondoka Ijumaa asubuhi. Lusekelo alikuwa zamu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na likizo yake yote alishaimaliza. Tena ilikuwa Februari, mwezi wa mabomba kuganda na kupasuka, mwezi ambao fundi wa joto haombi ruhusa hata ya kukohoa. Aliomba. Bosi akakataa. Angeweza kusema ukweli, huenda Mmarekani yule angependezwa na habari ya mbwa. Aliona haya. Alhamisi mchana akarudi ofisini, akasimama mbele ya meza, na kusema amefiwa.

Kampuni ilitoa siku tatu kwa aliyefiwa na mzazi, mke, mume au mtoto. Ndugu wengine hawamo.

"Your father?" bosi aliuliza.

"My father," alijibu Lusekelo.

Na baba yake si alikuwa amekufa kweli? Alikufa mwaka 1971. Lusekelo alijipa moyo kwamba hajadanganya, amechelewa tu kutoa taarifa. Bosi akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili, akampa zile siku tatu.

Alipogeuka, Fahmi alikuwa mlangoni na sanduku lake la vifaa.

Fahmi alikuwa fundi mwenzake, mtu wa Mombasa, Mji wa Kale. Miaka sita walikuwa wamekula chakula cha mchana pamoja kwenye chumba cha boila, mmoja akisimulia bahari, mwingine mpunga. Hapakuwa na la Lusekelo ambalo Fahmi hakulijua, isipokuwa mbwa. Fahmi alisali sala zake tano, na akiona mbwa humpisha njia.

"Wewe," akasema Fahmi taratibu, "babako si alikufa zamani? Si ulinambia ulikuwa mdogo?"

Lusekelo alikuwa na nafasi ya kucheka na kusema, ndugu yangu, nifichie, nina safari yangu. Badala yake akasikia mdomo wake unasema:

"Ni baba mdogo. Ambakisye. Yule aliyenilea."

Fahmi aliliacha sanduku likaanguka. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Akamkumbatia palepale mlangoni mwa ofisi, akamkumbatia kwa nguvu kwelikweli. "Yule wa maksai? Pole, ndugu yangu. Pole sana."

"Usiwasumbue watu," alisema Lusekelo, akiwa ndani ya kumbatio lile.

Jamani. Ukitaka msiba ufike kila nyumba, mwambie mtu wetu asiwasumbue watu. Lusekelo alilijua hilo kuliko wengi, kwani Wanyakyusa hawana mchezo na msiba. Kwao mtu anaweza kusamehewa kukosa harusi, msiba hasamehewi. Lakini akili yake ilikuwa imekwisha kwenda Pennsylvania. Ijumaa Violet akiwa bado kazini Rockville, kwenye nyumba ya wazee anakouguza, Lusekelo akapanda gari la Akinyele na mbwa sita nyuma, kila mmoja kwenye kisanduku chake, akaondoka. Walipoingia milimani, simu ikakosa mtandao.

Siku mbili zile sitazipaka matope. Zilikuwa nzuri. Theluji ilifika magotini, nyeupe mpaka macho yanauma, na mbwa waliokuwa wakimbiaji wa matope Maryland waligeuka viumbe wengine. Walilia kwa hamu ya kuanza, wakarukaruka mpaka watu wanne wakashika sleji isitoroke. Bendera ilipoangushwa kelele zote zikakatika. Ikabaki pumzi ya mbwa na mkwaruzo wa mbao kwenye theluji. Lusekelo alisema "kulia" na Malkia akaenda kulia. Kwenye mlima alishuka akasukuma huku akiwaita kila mmoja kwa jina, na ghafla akasikia kwamba sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya baba mdogo, na ule mvuto wa mwisho wa sentensi ulikuwa wa Ambakisye. Akacheka peke yake pale mlimani, akasema atampigia simu amsimulie. Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeelewa habari hii bila kucheka.

Mara akakumbuka alichosema Alhamisi, akawahimiza mbwa.

Walimaliza wa nne kati ya kumi na mmoja. Akinyele alimpiga mgongoni kwa bakora. Njia nzima ya kurudi waliimba.

Jumapili saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado lipo, gari la Akinyele liliingia mtaa wa Lusekelo, na halikupata pa kuegesha. Magari yalikuwa yamejaa pande zote mbili. Lusekelo alifikiri Violet ameanguka, au nyumba imeungua. Alikimbia. Mlangoni akakuta viatu, jozi kama thelathini, zimepangwa. Ndani makochi yametolewa, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, na jikoni sufuria za kanisani zinachemka.

"Lusekelo weee! Baba ametuachaaa!"

Huyo alikuwa Mwatumu, mama wa Kitabora aliyeshika mambo yote ya wanawake wa jumuiya, harusi na misiba, Waislamu kwa Wakristo. Alimrukia shingoni analia machozi ya kweli kwa mtu ambaye hakupata kumwona. Nyuma yake wakainuka wengine. Lusekelo alikuwa na macho mekundu kwa upepo, midomo imepasuka, uso umeungua na theluji. Kila aliyemtazama aliona mtu aliyelia siku tatu.

"Mkeo ametuambia umezidiwa," Mwatumu akasema, "umekwenda kukaa milimani na mzee wako. Mwanaume akienda kulia porini, mwacheni. Tumekungoja."

Lusekelo akamtafuta Violet kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kanga kiunoni, kitambaa kichwani, macho yamevimba. Alimtazama mumewe mara moja tu, kisha akageukia ukuta.

Akinyele naye akaingia, anachechemea, akapokelewa kwa pole. Alisimama katikati ya chumba. "Samahani. Nani amefariki?" aliuliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, na wote wakamsikia.

"Baba yangu mdogo," alisema Lusekelo akitazama mkeka.

"Yule mwenye maksai? Lini?"

"Alhamisi."

Mzee alimtazama muda mrefu. Njiani walikuwa wameimba pamoja maili mia mbili na zaidi. Kisha akavua kofia yake, akajishusha taratibu mpaka akakaa chini karibu na ukuta, nyonga mbovu na yote.

Wakasali, Wakristo wakamaliza, Waislamu wakasoma dua. Kisha akaombwa mtu amwelezee marehemu, na kwa kuwa mfiwa alikuwa hana sauti, akasimama Fahmi. Alimwelezea Ambakisye kama mtu aliyeishi naye. Akasema juu ya maksai wanne na majina yao. Akasema mwaka fulani maksai mmoja aliumwa, mzee akalala naye zizini wiki nzima, akimwekea mkono shingoni ajue hayuko peke yake. Akasema huyu ndiye aliyemchukua mtoto yatima, akamweka nyuma ya plau, na hakumwita mtoto wa marehemu kaka yangu hata siku moja, alimwita mwanangu. Watu wakafuta machozi. Vyote hivyo Lusekelo mwenyewe ndiye aliyevisimulia, mchana baada ya mchana, juu ya wali na maharage kwenye chumba cha boila. Fahmi hakusahau hata kimoja. Lusekelo aliinamisha kichwa kwa aibu, na wao wakaona huzuni, wakamsogelea.

Nje mbwa wakaanza kulia. Walikuwa na kiu, safari ilikuwa ndefu. Watu wakashtuka. Lusekelo akainuka, Fahmi akamkandamiza bega.

"Kaa. Mfiwa hafanyi kazi. Nambie wataka nini hao."

"Maji tu. Lakini Fahmi, ni mbwa."

"Nimesikia ni mbwa. Mimi si kiziwi."

Akinyele akamfuata nje amwonyeshe. Kupitia dirishani Lusekelo aliona yote. Aliona Fahmi anafungua visanduku kimoja kimoja, amenyoosha mkono mbali na mwili kama anayelisha moto. Aliona Malkia anamaliza maji kisha anamlamba Fahmi mikono, viganja na vifundo, kwa shukrani zake za kimbwa, na Fahmi amefumba macho lakini bakuli hajaliachia. Mbwa wote sita wakanywa. Halafu Fahmi akapiga magoti kwenye kitalu cha maua cha Violet, akatoa ufunguo wa gari, akaanza kukwangua ardhi. Ilikuwa imeganda kama saruji. Alikwangua mpaka akapata kiganja cha udongo, akaenda kwenye bomba la nje, akanawa kama dini yake inavyomwelekeza aliyelambwa na mbwa, mara saba, moja kwa udongo, kwa maji ya Februari. Aliporudi ndani mikono ilikuwa myekundu kwa baridi. Akachukua birika, akaendelea kuwagawia watu chai.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Lusekelo alifungua mdomo. Mwatumu akamwekea sahani mkononi, akamwambia, "Kula baba, usijiumize," na akala. Alikula pilau ya msiba wa mtu ambaye saa ile alikuwa amelala usingizi wake Kyela.

Watu walipoondoka, Violet alibaki anakusanya vikombe.

"Umeniachia nini, Lusekelo?" alisema bila kupaza sauti. "Ijumaa natoka kazini nakuta Mwatumu mlangoni na sufuria. Nikadhani ni kweli, umeshindwa kuniambia. Nikapiga Kyela. Saa tisa usiku kwao. Unajua nani alipokea? Baba mwenyewe. Akaniuliza, nani amekufa? Nikamwambia hakuna, baba, nilitaka kukusalimia tu. Akaniombea Mungu anibariki kwa kumkumbuka."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba mume wangu amemzika baba yake akiwa hai kwa ajili ya mbwa? Nimelia siku mbili kwa aibu, na wao wananifuta machozi."

Alijibu kwamba atawaambia. Alisema wiki ile, kisha baada ya Pasaka, kisha hakusema tena.

Akinyele naye alikuwa na lake, Jumamosi iliyofuata, akiwa anamkatia Malkia kucha. "Mbwa wangu hawajawahi kuwa sababu ya uongo," alisema. "Ungeniambia, ningetafuta dereva mwingine." Ufunguo wa geti hakumnyang'anya, ila Kiswahili aliacha kusema naye kwa miezi. Alikisema na mbwa tu.

Lakini lililokuwa baya zaidi watu wa nje hawakulijua. Lusekelo aliacha kumpigia simu baba mdogo. Alizoea kumpigia kila mwezi. Sasa akishika simu, anasikia kilio cha Mwatumu, anaiweka chini. Angemwambia nini mtu aliyekwisha kuliliwa? Kazini, Fahmi alikuwa akimuuliza, kwa upole, kama amezoea sasa. Lusekelo aliitikia kwa kichwa. Kyela, mzee alikuwa akimuuliza Violet, "Mwanangu mzima? Mbona kimya?" Violet alijibu ana kazi nyingi, akakata simu na kumtazama mumewe, na Lusekelo akatoka kwenda kwa mbwa. Hata wao hakuwafurahia tena kama zamani. Aliwapenda, ila kila aliposema "twende", alisikia sauti ile ya kwenye plau na uso ukamwaka moto.

Novemba mwaka uleule, siku ya Jumatatu kabla ya mapambazuko, simu ililia kutoka Kyela. Ilikuwa binamu yake. Baba mdogo alikwenda kuwatazama maksai jioni, akakaa chini karibu na zizi, hakuinuka.

Lusekelo alikaa kitandani na simu mkononi. Kitu cha kwanza alichokifikiria, na hiki alimwambia Violet baadaye kwa sababu alitaka mtu mmoja ajue alivyo, hakikuwa kifo. Alifikiri: nitamwambia nani? Msiba wake ulishaliwa. Machozi ya watu yalishamwagwa, mikeka ilishakunjwa, sifa zote za mzee zilishasemwa na Fahmi akiwa amesimama. Miezi tisa mizima mzee alikuwa hai na angeweza kusimuliwa habari ya Malkia anavyogeuza shingo. Angecheka mpaka akakohoa.

Alikwenda kazini, akamkuta Fahmi kwenye chumba cha boila anafungua chupa ya chai.

"Fahmi, baba mdogo amefariki."

Fahmi alimtazama asielewe. "Ndio, ndugu yangu. Mungu amrehemu."

"Hapana. Amefariki jana." Akamweleza yote amesimama, mikono imelegea, tangu mezani kwa bosi mpaka kwenye sahani ya pilau. Hakujitetea. Hapakuwa na cha kujitetea nacho.

Fahmi alifunga chupa yake ya chai. Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama aliyeigundua leo. Kisha akachukua sanduku lake akatoka, na mchana hakuja kula.

Jioni Lusekelo alimpigia Mwatumu mwenyewe, akamwambia vilevile, bila kuruka kitu. Mwatumu akakata simu. Violet akasema msiba ni msiba. Alitoa makochi peke yake, akatandika mikeka ukuta hadi ukuta, akapika sufuria kubwa ya wali. Jumatatu hawakuja watu. Jumanne waliketi wawili, yeye upande mmoja, mkewe upande mwingine, mikeka ikiwa mitupu katikati, na kila gari lililopita mtaani likawafanya wainue vichwa. Lusekelo alitaka kulia akashindwa. Aliona hata machozi yake ameshayatumia.

Jumatano asubuhi akaenda shambani kwa Akinyele. Mzee alikuwa amelazwa, nyonga imefanyiwa upasuaji, na mbwa hawajui msiba, wanataka kula. Malkia alikuja getini taratibu, siku hizi hakimbii tena, akaegemeza kichwa chake kwenye paja la Lusekelo. Alimwita kwa jina. Sauti ya baba mdogo ikatoka, ileile, na hapo ndipo alipolia, ameinama juu ya ndoo, na mbwa sita wamemzunguka.

Hakusikia gari. Alipoinua kichwa Fahmi alikuwa ng'ambo ya uzio, amevaa kanzu na koti juu yake.

"Violet kanambia uko huku," alisema. Hakutabasamu. "Mimi sijakusamehe. Hilo ulijue. Wallahi sijui kama nitakusamehe."

"Najua."

"Nimekuja kwa ajili ya mzee. Yule nimemsimulia mimi mwenyewe mbele za watu. Hawezi kufa asipate mtu."

Lusekelo hakuweza kumtazama usoni. Alitazama mkono wake uliokuwa juu ya uzio. Ulikuwa umeshika kopo la plastiki lenye mfuniko, na ndani ya kopo mlikuwa na udongo mkavu, laini, umechekechwa, wa kutosha mtu kunawa mara nyingi. Mtu hachekechi udongo akiwa njiani. Fahmi aliuandaa nyumbani kwake.

Fahmi akaliweka kopo juu ya nguzo ya geti. Akakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, akaingia, akanyoosha mkono.

"Lete ndoo," alisema. "Mfiwa hafanyi kazi."

Lusekelo akampa. Akakaa chini kwenye nyasi kavu, uso kwenye magoti, akimsikia Fahmi anavyowaita mbwa mmoja mmoja kwenye chakula, kwa sauti ya mtu anayeogopa.